Wajina wa Mheshimiwa Ngiri

Wanyama walipiga kura, na Ngiri mwenye majivuno akashinda. Akatangaza vipaumbele vyake: kwanza ikulu, kisha gwaride, na yule mamba wa mtoni atashughulikiwa muhula ukikaribia kwisha.

Digidigi, aliyejifungua juzi tu, akatetemeka, maana mto ni huo mmoja na mtoto lazima anywe. Akasogea mbele hivyo hivyo na hofu yake.

“Mheshimiwa, mwanangu nimempa jina lako.”

“Umefanya vyema, mama.”

“Basi desturi unaijua, mtoto hupelekwa mtoni mara ya kwanza na wajina wake, ndiye hutangulia majini. Twende, baba, ana kiu.”

Ngiri akautazama mto, kisha akawageukia wanyama.

“Ndugu wananchi,” akasema, “ikulu isubiri. Tunaanza na mamba.”