Kigelegele Ndani ya Santuri

Saumu aliingia kwa shoga yake Rehani na santuri mpya kifuani. "Leo utanikoma! Taarabu ya zamani, wameirekodi ukumbini, hata watu unawasikia."

Mama yake Rehani, aliyeketi akipepeta mchele, aliguna. Kumbi za taarabu aliziita uhuni. Aliapa hajawahi kuzikanyaga.

Sindano ikashuka. Katikati ya wimbo kikapaa kigelegele kirefu, kikamalizikia kwenye kicheko chembamba. Rehani akairudisha sindano. Kigelegele kile alikijua; ndicho kilichompokelea kila mtoto aliyemzaa.

"Mama?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Geuzeni upande wa pili," alisema. Sindano ilikuwa haijashuka, na unyayo wake ulishaanza kupiga mapigo.