Tumbo la Snodley

Tumbo la Snodley lilikuwa bado na nafasi. Hester Mallaby alitupa jicho mlangoni mwa banda, akasikiliza, kisha akatoa furushi chini ya koti lake na kulisukuma ndani ya ile sanamu, katikati ya magazeti makuukuu. Akafunga vifungo vya kizibao kimoja kimoja.

Furushi lilikuwa la karatasi ya kaki, limefungwa kamba na kupigwa lakiri nyekundu. Ndani yake mlikuwa na mswada wa riwaya ambayo kila Mwingereza anaijua, hata yule asiyewahi kuishika. Lionel Purefoy, mwandishi aliyekipatia kijiji cha Nether Combe sifa zake zote, alimchora humo karani wa stesheni aliyelamba viatu vya wakubwa na kuwanyanyasa wadogo, akamwita Snodley. Jina likaota mizizi. Waziri akijipendekeza, wenzake bungeni humzomea kwamba ni Snodley. Mtoto akichongea, shuleni huitwa hivyohivyo. Na Nether Combe, kila Novemba, humjaza Snodley magazeti na kumchoma moto mbele ya nyumba ya marehemu mwandishi, huku watu wakila soseji.

Karani wa stesheni alikuwa mmoja tu kijijini, Wilfred Mallaby, babu yake Hester. Kila mtu aliamini ndiye, ila ushahidi haukuwapo. Purefoy mwenyewe hakukiri hadi anakufa. Aliacha wasia kwamba mswada ukae chini ya lakiri miaka hamsini, na watu wakakata shauri kuwa humo amewataja wahusika kwa majina yao ya kweli. Miaka hamsini ilikuwa inatimia Jumatatu. Watu wa televisheni walishafika, wamejaa kwenye nyumba ya wageni.

Hester ndiye aliyeisafisha ile nyumba ya Purefoy tangu igeuzwe makumbusho, na funguo zote alikuwa nazo, hata ule wa kabati la mswada. Alijua atashukiwa. Na ashukiwe, kilichokwisha kuwa majivu hakisomeki. Riwaya yenyewe hakuwahi kuifungua, kwani mama yake alimwapisha asiisome, akiwa kitandani siku zake za mwisho.

"Babu yako alikuwa mtu mwema," mama alimwambia. "Usikubali wamzike mara ya pili."

Na alikuwa mwema kweli. Hester alimkumbuka na penseli yake ya zambarau sikioni, ile ya kuandikia mizigo ya stesheni. Nyumbani aliandikia chupa za jamu yake ya plamu, na kila mkia wa herufi aliushusha mrefu, akaupinda kama ndoana. Chupa moja ilibaki kabatini kwa Hester mpaka leo, na hakuna aliyethubutu kuifungua.

Alimkumbuka pia penye moto huu. Kila mwaka Babu alisimama mstari wa mbele, akacheka hadi machozi. Mama alisema ni fedheha tu, anaifunika kwa kicheko. Hester alipokuwa mdogo alimuuliza kama haimuumi, naye akampangusa pua kwa leso.

"Huyu namjua kuliko wote waliopo hapa," Babu alisema.

Kila Krismasi, Purefoy alimletea bata bukini kwa mkono wake mwenyewe. Mama hakuonja hata kipande. Alimwita bata wa majuto. Babu alikula akalamba vidole.

Kufika saa kumi na moja jioni giza la Novemba lilikuwa limeshatanda, na Snodley ameketishwa juu ya kuni. Hester alisimama kando ya Bi Enid Farrow, mkuu wa makumbusho, aliyekumbatia kikombe cha chai bila kuinywa.

"Jumatatu naiona inachelewa," Bi Enid alisema. "Nimemsoma Purefoy miaka thelathini, Hester. Vitabu vyake vyote vilivyofuata, hakuna hata kimoja kinachochekesha. Nitapenda kujua yule mtu aliyeandika hiki cha Snodley alipotelea wapi."

Hester alikuwa bado na muda wa kusema neno moja tu, lakini alipofumbua mdomo, Clive Stobbs, mwenye baa, alikuwa ameshafika na mwenge mkononi.

"Wakubwa kwa wadogo," Clive alitangaza, "mwaka huu tumpe mjukuu amsindikize babu yake."

Watu wakaangua kicheko. Hester alihisi uso unamwaka kwa hasira, hasira ya miaka yote. Akaupokea mwenge, akapiga hatua tatu, akauchomeka mwenyewe chini ya kizibao.

Snodley alishika upesi kuliko miaka mingine. Vifungo vilidondoka, tumbo likapasuka kwa kishindo, na lakiri ikachuruzika nyekundu juu ya kuni. Karatasi zilipaa kwa mamia, zinawaka, watu wakizipigia makofi wakidhani ni magazeti. Hester alizisindikiza kwa macho mpaka zikazimikia juu ya paa la nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu mama afe, alipumua.

Moja ilikosea njia ikaanguka karibu na kiatu chake, kingo zikiwa bado zinafuka. Aliikanyaga, akainama aiokote airudishe motoni kabla Bi Enid hajaiona.

Ilikuwa imeandikwa kwa penseli ya zambarau, na kila mkia wa herufi ulishuka mrefu, ukapinda kama ndoana.