Baiskeli Haimo Orodhani

Kila asubuhi mlango wa nyumba yetu hapa Tanga hutupangia usafiri, na haufunguki mpaka mtu akubali. Leo ulimpangia mume wangu, Sengasu, basi, na mimi treni ya juu.

"Naenda kwa baiskeli," nikauambia.

"Baiskeli haimo orodhani, Bi Mwantumu."

Sengasu aliweka kikombe chini. "Kubali tu, Mwantumu. Utafika mapema."

"Nani kaomba kufika mapema? Mama yangu kaenda sokoni na baiskeli hii miaka thelathini, kapu la samaki nyuma, na hakuna mlango uliomuuliza."

Nikaipitisha dirishani, nami nikaifuata. Kanga ilichanika. Nilifika kazini natiririka jasho, lakini njiani nilisalimiana na watu ambao sikuwa nimewaona tangu treni ianze.

Jioni nikakuta dirisha limejifunga. Nikabisha hodi.

"Nani?" mlango ukauliza.

"Mwantumu. Nimerudi."

"Bi Mwantumu hajatoka leo. Yumo ndani."

Nikamsikia Sengasu upande wa pili. "Fungua, huyo ni mke wangu."

Mlango ukamjibu kwa upole kwamba mkewe amelala chumbani, asimsumbue.

Kisha nikasikia nyayo za Sengasu zikielekea chumbani, taratibu, kama za mtu anayekwenda kuhakikisha.

Nikaishika kengele ya baiskeli ya mama, nikaipiga kwa nguvu zangu zote, kabla hajamkuta huyo aliyelala.