Ukurasa wa Kumuaga Mwenzetu

Yorleny alitafuta kwenye rasimu za kompyuta ya kazini, hakuona kitu. Akafungua orodha ya mabadiliko ya karibuni, akaishusha hadi ya juzi: mwongozo wa wateja, ratiba ya likizo, basi. Ukurasa wa kuaga haukuwepo.

Na lazima uwepo. Ofisi yao pale Medellín ilikuwa na desturi: mtu akipunguzwa kazi, wenzake humwandikia ukurasa kwenye mfumo wa nyaraka za kampuni, kila mmoja na mstari wake, na husomwa keki ikikatwa. Keki ya mapera ilikuwa tayari jikoni. Yorleny aliiona alipokwenda kuchukua kahawa, na mazungumzo yakakatika alipoingia.

Yorleny alijua ni nani anayeondoka. Wiki iliyopita bosi wao, Ovidio, alimwita akamuuliza kwa upole: kati yako na Wilmar, nibaki na nani? Yorleny ana mama mgonjwa na dawa hazingoji. Akamchongea Wilmar, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi kwa mikono yake, akasema ni mvivu. Ulikuwa uongo mtupu.

Sasa alitaka tu kuandika mstari wake kama wengine, asishukiwe. Lakini kwenye meza zote watu walikuwa wameinama wakiandika, na kwake hakuna kitu. Walikuwa wamemfungia ukurasa. Wameshajua, aliwaza.

Akamfuata Luz Dary wa mapokezi, akamnong'oneza amwonyeshe ukurasa.

"Ukurasa gani tena, dada?" Luz Dary alisema, akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Lisilobudi hutendwa. Heri aseme mwenyewe kuliko kuumbuliwa mbele ya keki. Alikwenda mezani kwa Wilmar, akamkuta macho yamemwiva, anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Wilmar, mdogo wangu, kuna neno nataka nikwambie kabla hujaondoka."

Kijana alishtuka, akafunika skrini kwa kiganja. "Niondoke niende wapi, dada?"

Kiganja hakikutosha. Juu ya ukurasa kulikuwa na picha ya Yorleny, anacheka. Chini yake ulikuwa mstari wa Wilmar, wa dakika hiyo hiyo:

"Dada, bosi aliniuliza abaki na nani kati yetu. Nikamwambia anitoe mimi, wewe una mama mgonjwa. Akasema jibu langu limemtosha. Mpaka leo sijamwelewa."