Pumzi ya Shangazi

Kidole cha fundi wa midundo kilikuwa juu ya kitufe cha kuachia wimbo wake wa kwanza, shangazi yake alipoingia na kikapu cha nguo alizoanua, akasimama kama aliyeitwa.

Kwenye spika ilikuwa sauti yake mwenyewe ya ujanani, iliyotolewa kwenye kaseti kuukuu na kupandishwa juu ya ngoma za kompyuta.

"Huyo si mimi?"

"Ni wewe, shangazi. Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua. Rudisha nyuma."

Alisikiliza huku akibana na kubanua kibanio cha nguo.

"Kabla ya ubeti nilivuta pumzi. Iko wapi?"

Fundi alitazama meza. Alikuwa ameisafisha kaseti kama alivyojifunza mwenyewe: mikwaruzo, mvumo, na ule mvuto mdogo wa hewa. Vyote alivihesabu taka.

"Walionirekodi walifuta jina langu, wakaandika la mwenye bendi. Miaka thelathini na moja, sijasahau. Leo wewe, damu yangu, unafuta pumzi? Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Nikiirudisha, ngoma itachelewa kuingia. Wachezaji watasema nimekosea."

"Ngoma gani imewahi kunisubiri mimi? Hii isubiri."

Fundi aliondoa kidole. Aliirudisha pumzi mahali pake, akaisogeza ngoma mbele. Penye jina la msanii akaandika la shangazi kwanza, kisha akaucheza wimbo upya.

Spika zilivuta hewa. Shangazi, bila kujijua, naye akavuta.