Ukoko wa Jibini

Scola alipofunua sufuria ya umeme alikuta makaroni yameiva, lakini ukoko wote wa jibini pembeni ulikuwa umekwanguliwa. Kijiko kilikuwa mezani, kimening'iniza uzi wa jibini ambao haujapoa.

Mumewe ndiye aliyekuwa na tabia hiyo. Alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo, na sufuria hiyo inayopika polepole aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kisha lori lake likaungua huko Zambia. Walizika jeneza ambalo hawakuruhusiwa kulifungua.

Tangu msiba Scola hakuwahi kuiwasha. Leo aliiwasha kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Mlowo, aliyekuwa anakuja kusikia jibu la posa yake.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama wa marehemu, aliyekuwa akichambua maharage sebuleni.

"Mama, umeonja chakula?"

"Mimi? Harufu yake tu inanitia kichefuchefu, mwanangu."

Kisha mama akakiona kijiko mkononi mwa Scola. Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika sakafuni.

"Mlango wa uani nimeufunga mwenyewe," alinong'ona. "Nimetia komeo."

Mlango wa mbele ukagongwa. "Hodi wenyewe!" mwalimu aliita kwa sauti ya furaha.

Mama akamshika Scola mkono. "Mwitikie mgeni, mwanangu. Nakuomba."

Scola aliupa mgongo mlango wa mbele. Alipakua sahani moja, akaijaza mpaka ukingoni, akaenda kwenye mlango wa uani, akavuta komeo.