Tairi la Kuposea

Mteja alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya duka, pua inakaribia kugusa tairi, utepe wa kupimia nguo unaning'inia shingoni. Muuzaji alimruka kama alivyozoea kumruka paka, akaendelea kupanga jeki. Watu wa magari ya milimani aliwajua. Wengi huja wamejaa maneno na tope hawalijui.

"Hili kashata zake zimeachana mno," mteja alisema kutoka huko chini. "Linapiga kelele hata likiwa limesimama."

"Hilo ni la tope. Ile mifereji mipana ndiyo inayotema udongo. Si umesema unapanda mlimani?"

"Napanda, kule juu ya kiwanda cha matofali. Lakini sitaki nionekane mtu wa fujo."

Muuzaji akaweka jeki chini. "Uonekane na nani?"

Mteja akaketi, akajipangusa vumbi. Alikuwa mshonaji, sindano tatu bado zimechomekwa kwenye ukosi wa shati, na alikuwa anataka kuoa. Kikwazo kilikuwa baba wa binti. Huyo baba haonani na mchumba. Mchumba anakuja Jumamosi, anapokelewa na shangazi, anazungumza mawili matatu, anaondoka. Jioni baba akirudi kutoka kazini anainama langoni, anasoma alama za matairi, anatoa jibu. Asiyekuja na gari la kupanda ule mlima hata jibu hapewi.

"Ameshawakataa watatu," mshonaji alisema. "Wa kwanza matairi yalikuwa yamelika upande mmoja. Mzee akasema, gari lake tu halitunzi, atamtunza mwanangu? Wa pili alikuja na ya lami. Akasema huyo mvua ya kwanza atakimbia."

"Na wa tatu alikuja na ya tope, mapya kabisa, ya kujionyesha."

"Umejuaje?"

"Kwani matairi nauza mimi au unauza wewe?" Muuzaji akavuta kiti. "Huyo mzee wewe unamwonaje?"

"Niseme ukweli? Akili zimempungua kidogo." Mshonaji akainamisha kichwa. "Lakini binti anampenda, na mimi nampenda binti. Nikikataliwa Jumamosi hii nimemkosa, maana jibu la yule mzee halirudiwi. Ndiyo maana nimelala chini tangu asubuhi."

Nyuma ya kaunta muuzaji aliweka sinia la udongo mbichi. Hakuwahi kumuuzia mtu tairi bila kulikandamiza hapo kwanza, mteja aone atakachoacha njiani. Wakakandamiza la mchanga. Mshonaji akasema limelainika mno, ni la mtu asiyetulia. Wakakandamiza la mawe, akasema hilo lina ugomvi na majirani. La saba lilikuwa la mchanganyiko: kashata za katikati zimeshikana kwa ajili ya lami, za pembeni zimeachana kwa ajili ya tope. Mshonaji akalipapasa kwa kidole gumba kama anapapasa kitambaa cha suti.

"Hili ni la mtu wa nyumbani," alisema. "Lakini akiitwa usiku anatoka. Nipe manne."

"Lete gari nikufungie."

Mshonaji akaanza kukunja utepe wake. Akaukunja wote, akaukunjua.

"Sina gari, mzee. Nitayasukuma kwa mkono."

Muuzaji alimtazama kuanzia sindano mpaka viatu, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama atamfukuza.

"Sasa manne ya nini?" alisema mwishowe. "Gari likienda moja kwa moja, ya nyuma yanakanyaga alama za mbele. Chukua mawili. Mimi simuuzii mtu asichohitaji."

"Hata binti ndivyo alivyoniambia nilipomwomba anielekeze duka."

"Na tairi tupu halina uzito, litaacha alama ya baiskeli. Lijaze mchanga."

"Nitashona mifuko mirefu ya kuzungusha ndani, usimwagike."

"Na gari likiingia lazima litoke."

Mshonaji hakuwa amelifikiria hilo. "Nishuke nayo tena? Yote mawili?"

"Ukiyaachia yatashuka yenyewe, ila yataingia kwa watu."

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi muuzaji alifunga duka mapema, akaupanda mlima kwa miguu. Alama alizikuta pale kiwandani. Mistari miwili ya kupanda na miwili ya kushuka, sambamba kabisa, upana wa gari halisi, imenyooka kama mshono wa suruali. Pembeni ya kila mstari zilikwenda nyayo za mtu mmoja, zimezama hadi kwenye vifundo.

Kwenye kona kali palikuwa na alama za magoti na viganja. Tairi lilikuwa limemponyoka hapo, likarudi chini, likapandishwa upya. Mara ya pili likamponyoka tena, akalipandisha tena. Muuzaji alihesabu mara nne. Akaendelea kupanda.

Alipofika langoni akaangalia huku na huku, asionekane na mtu. Kisha akaanza kufuta nyayo kwa soli ya kiatu, moja baada ya nyingine, akafuta na alama za magoti pale mtu alipoteleza akiingia, mpaka uani pakabaki alama za gari peke yake.

Akatoa ufunguo mfukoni, akaingia ndani. Dada yake alikuwa amekaa sebuleni akisubiri jibu.

"Gari ni zima," alimwambia. "Nenda kamwambie mwanangu aolewe na dereva."